Askari akikuambia "haina shida", jua haina shida kwake yeye

Wiki mbili zilizopita kuna kijana kaniandikia inboksi, kaanza vizuri kabisa, "shikamoo kaka", halafu akatuma picha. Kichupa kidogo, kifuniko cha mpira, mafuta ya rangi ya njano ndani: testosteroni ya kuchoma sindano, homoni ya kujaza misuli. Anasema ana miezi minane tangu aingie Marekani, ana grini kadi yake mpya (kibali cha kuishi huku moja kwa moja, bado si uraia), anapiga tizi, anataka baadaye aombe kazi ya polisi, na jim anayokwenda kuna askari mtu wa miraba minne kamwambia aanze na hiyo. "Kaka, kama polisi mwenyewe anatumia na ndiye kanipa, si maana yake haina shida?"

Nilikaa na hiyo meseji siku nzima bila kujibu. Kwa sababu hilo swali niliwahi kujiuliza mimi, kwa maneno karibu yale yale, na jibu lake lilinigharimu dola 4,500 za wakili na miaka yangu kadhaa ya kulala jicho moja wazi. Sasa namjibu hapa ili na wengine wasome, maana najua hayuko peke yake, wote tumekuja huku tukitaka kutoka, na mwili ni kitu cha kwanza unachoona unaweza kukibadilisha mwenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu.

Nilifika 2009 nikiwa na kilo 61. Nilikuwa nafanya kazi ya usiku ghala, natoka saa kumi na moja alfajiri, naingia jim iliyo wazi masaa yote. Saa ile watu ni wachache, na wengi wao walikuwa askari wanaokuja kupiga chuma kabla ya zamu. Kulikuwa na mmoja sisi tulimwita Sajenti, sijui hata kama ndicho cheo chake. Alinifundisha kukaa vizuri kwenye benchi, alinishikia chuma kisiniangukie, aliniita jina langu bila kulikosea, na kama umewahi kuwa mgeni nchi ya watu unajua hicho kitu kinavyokuingia.

Miaka mitatu nimeongezeka kilo 9 kwa wali na mayai tu. Nikamuuliza yeye anafanyaje. Akacheka, akanipeleka kwenye gari lake. Namkumbuka vizuri, kakaa kiti cha dereva na koti la kazi limetundikwa nyuma, kakibana kichupa kwapani kwanza mafuta yapate joto maana yakiwa baridi ni mazito hayavutiki kwenye sindano. Anafanya hivyo huku ananisimulia habari za watoto wake.

Testosteroni ilitengenezwa maabara mara ya kwanza 1935, ni dawa ya kweli, kuna wagonjwa wanaihitaji na wanaandikiwa na daktari, sikatai. Ila mimi sikuwa mgonjwa. Nilitaka tu fulana ibane.

Na ilibana kweli! Wiki kumi na mbili nilikuwa mtu mwingine, nasema ukweli, sitawadanganya eti haikufanya kazi. Halafu chunusi mgongoni, hasira za ovyo, chuchu moja ikaanza kuuma na kuvimba, na nilipoacha mwili ukazima kabisa maana ukishaupa homoni kutoka nje wenyewe unasahau kutengeneza yake. Miezi mitano sikuwa na hamu ya kitu chochote, mkiwa kwenye ndoa mtanielewa. Nikarudia tena 2014. Mjinga ni mjinga.

Sasa siku yenyewe. Usiku, taa moja ya nyuma ya gari imekufa, nikasimamishwa. Askari kijana, mpole tu, akaomba leseni, akaiangalia, akaniuliza lafudhi yangu ni ya wapi. Halafu akasema, unaonaje nikitazama hilo begi? Na mimi kwa heshima zangu za nyumbani, mtu mwenye sare kakuomba, nikasema karibu. NIKASEMA KARIBU. Wadogo zangu, hili nitalirudia mpaka mchoke: una haki ya kukataa kusachiwa, unasema kwa adabu "sikubali kusachiwa", hupigani, hukimbii, hutoi maneno mengi. Akiwa na sababu zake za kisheria atasachi hata hivyo, lakini wewe hujampa ruhusa, na wakili wako atakuwa na pa kushika.

Akakitoa kichupa, akakiinua juu akakimulika na tochi. Hapo ndipo nikamwona vizuri. Mikono ya shati imekaza mpaka mshono unavutika, na shingoni pale juu ya kola kuna chunusi zile, nyekundu, zimejipanga, zile zile nilizokuwa nazo mimi mgongoni. Nikazitazama. Akaona nazitazama. Tulikaa hivyo labda sekunde tatu, na mpaka leo naapa yule kijana alijua kwamba nimejua. Kisha akaniambia nigeuke niweke mikono nyuma.

Wakili wangu, mama mmoja mkali sana, ndiye alinifungua macho. Tangu sheria ya 1990, iliyoanza kazi 1991, steroidi, yaani testosteroni na jamii yake za kujenga misuli, ziko kwenye orodha ya dawa za kulevya zinazodhibitiwa Marekani, daraja la tatu. Bila cheti cha daktari, kuwa nazo tu ni kosa. Kwa raia hiyo inaweza kuwa faini na aibu. Kwa mwenye grini kadi ni habari nyingine kabisa, kwa sababu sheria ya uhamiaji inasema ukitiwa hatiani kwa dawa yoyote iliyodhibitiwa unaweza kufukuzwa nchini, na msamaha uliowekwa pale ni kosa moja la bangi isiyozidi gramu 30 ya kutumia mwenyewe. Bangi! Steroidi haimo kwenye huo msamaha. Kwa hiyo mimi na kichupa changu kimoja nilikuwa pabaya kuliko mtu mwenye kipande cha bangi mfukoni, na Sajenti alikuwa hajawahi kunitajia hilo, si kwa ubaya, hakuwa na sababu ya kulijua.

Mwendesha mashtaka alikuja na kitu kilichoonekana kitamu: kiri kosa, lipa faini, nenda nyumbani. Nilikuwa nimeshashika kalamu. Mama wakili akanishika mkono, kimwili kabisa, akaniambia ukikiri hapa, kwa uhamiaji hiyo ni hatia hata kama hakimu atakuja kuifuta baadaye. Mahakama Kuu ya Marekani ilishaamua 2010 kwamba wakili lazima amwambie mteja asiye raia kama kukiri kutamletea kufukuzwa, kwa hiyo asipokuambia, muulize wewe. Uliza. Uliza mara mbili. Akapigana mpaka nikapata mpango wa kusimamiwa mwaka mmoja bila kukiri chochote, kesi ikafutwa. Uraia niliupata 2019, na kwenye mahojiano bado waliniuliza maana fomu inauliza kama umewahi kukamatwa, na unajibu kweli hata kama kesi ilifutwa.

Na Sajenti? Nilimwona jim baada ya miezi miwili. Alikuwa ameshasikia. Akaniambia pole sana, kisha akanipa ushauri, nenda kliniki wakuandikie kwamba homoni zimeshuka, mimi mwenyewe ninacho cheti. Yaani kichupa kile kile, mafuta yale yale, chake kina karatasi. Nilitaka kumpiga. Sikumpiga, ana mikono kama mapaja yangu.

Msidhani naota. 2010 gazeti moja la New Jersey lilifukua habari ya daktari wa Jersey City, aliyefariki 2007, aliyekuwa akiwaandikia steroidi na homoni ya ukuaji polisi na wazima moto, wakahesabu wasiopungua 248 kutoka idara 53, na wengi dawa zao zililipiwa na bima zao za kazi, maana yake mlipa kodi ndiye aliyewanunulia misuli. Idara ya shirikisho ya kupambana na dawa za kulevya yenyewe 2004 ilitoa kijitabu kuhusu steroidi kwa askari, kwa hiyo hawakuwa hawajui. Na vipimo vya mkojo vya kawaida vya kazini vinatafuta bangi, kokeini, afyuni na jamii zake, steroidi havizigusi mpaka kiombwe kipimo maalum ambacho ni ghali. Mtu anakunywa mkojo wake wa jaribio, samahani, anatoa mkojo wake wa jaribio, anafaulu, anavaa sare, anakwenda kumkamata mwenzake kwa msokoto.

Na huyo mwenzake mara nyingi anafanana na mimi na wewe. Takwimu za 2010 zilionyesha mweusi anakamatwa kwa bangi karibu mara nne kuliko mweupe wakati wanaivuta karibu sawa. Sheria ya 1986 ilimpa mwenye gramu 5 za kraki (kokeini ya vipande, ya kuvuta) kifungo kile kile, miaka 5 kwenda mbele, cha mwenye gramu 500 za kokeini ya unga, na mpaka 2010 ndipo wakapunguza ule uwiano wa 100 kwa 1 kuwa 18 kwa 1, bado sio 1 kwa 1. Ukiyajua haya utaacha kuamini kwamba aliye upande wa sheria akikugawia kitu basi kitu hicho ni halali. Anakugawia kitu, kinga yake hakugawii.

Kwa hiyo mdogo wangu: usibebe. Ukisimamishwa usikubali kusachiwa. Ukikamatwa usikiri chochote kabla ya kuongea na wakili anayejua uhamiaji, sio wakili yeyote, anayejua UHAMIAJI. Usisafiri kwenda kusalimia wazee ukiwa na kesi, kutoka ni rahisi, mlango wa kurudi una masharti yake na kukiri tu kunatosha kukuzuia. Na kama kweli unahisi homoni zako ziko chini nenda kapime damu kwa daktari wako, usipimwe kwa macho na mtu wa jim.

Nilimtumia haya yote kwa sauti, dakika kumi na moja, nikiwa nimepandisha hasira kidogo nakiri. Akasikiliza. Akaandika "sawa kaka, nimekuelewa sana, Mungu akubariki." Nikashusha pumzi.

Baada ya robo saa meseji ikaingia tena: "Samahani kaka, na kama nikimwachia yule askari anihifadhie kwake, halafu mimi nitakuwa nakwenda tu kuchomwa?"