Dagaa wakijaa ziwani, krapi hana njaa na chambo chako

Ndugu mmoja wa Louisville, Marekani, kaniandikia juzi: "Kaka, nimeshinda Kentucky Lake kutwa nzima nikitafuta krapi, skrini ya mashine ya kutafutia samaki imejaa shadi, vile visamaki anavyokula, sijapata hata mkia. Hili ziwa lina laana?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mwaka juzi, mwezi wa kumi, huyo alikuwa mimi.

Mimi mtoto wa Kigoma. Mjomba alikuwa anawasha karabai usiku wa giza, dagaa wanakuja kwenye mwanga, migebuka wanawafuata. Kwa hiyo nilipofika huku na kununua boti ya mtumba nilijiona profesa. Shadi ni dagaa wa Wamarekani, nikasema, na krapi ndiye mgebuka wao. Palipo na dagaa wengi ndipo pa kutega.

Siku ile niliwakuta shadi wamejazana kwenye hori moja, kama wafanyavyo majira ya majani kupukutika, maji yanachemka kwa vidagaa. Saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri: krapi mmoja. Nilipompasua nyumbani nikakuta shadi saba tumboni, kila mmoja sawa na kidole changu cha mwisho, wawili bado wanang'aa. Chambo changu cha plastiki kilikuwa kinene kuliko wote.

Jamaa niliyekuwa naye botini alitangaza kanisani: "Mvuvi wa Kigoma karudi na mmoja!" Mpaka leo kwenye harusi halikosi kusemwa.

Iliniuma, lakini ndipo nikaelewa. Mjomba alikuwa na wavu, na wavu haumuulizi samaki kama kashiba. Ndoana inamuuliza. Krapi aliyezungukwa na shadi elfu moja ana haja gani ya kufuata plastiki yako?

Kwa hiyo, ndugu yangu, liache lile wingu kubwa la shadi. Tafuta vikundi vidogo vya shadi pembeni, hasa penye miti iliyozama. Chambo kiwe kidogo, kisogee polepole, kikae juu ya samaki, kwa maana macho ya krapi hutazama juu na kilicho chini yake mara chache hukifuata. Narudia: kidogo, polepole, juu yake. Akishika usimnyanyue kwa pupa, mdomo wake unachanika kama karatasi.

Halafu si kila shadi ni chakula. Wako wanaokua haraka mpaka hawaingii mdomoni mwa krapi, na mashine haitakuambia. Aina nyingine, ile inayobaki ndogo, nayo haiwezi baridi: maji yakishuka karibu na nyuzi 5 za Selsiasi wanakufa kwa wingi. Hapo meza inapungua, na krapi anaanza kusikiliza.

Ila sisi tuna haraka. Tunanunua mashine ya bei mbaya kabla hatujapasua tumbo la samaki hata mmoja tuone kala nini. Pasueni matumbo, jamani! Ni bure.

Jumamosi iliyopita, mikono imekufa ganzi kwa baridi, niliteremsha kijichambo kama punje ya haragwe kandokando ya mti uliozama. Krapi 14. Picha nilizituma kwenye kundi la familia kabla sijafunga boti.

Yule jamaa wa kanisani kanipigia jana, anauliza ni hori gani. Nimemwambia mtandao unasumbua.