Gein ya amplifaya ipimwe, isikisiwe

Gari likiletwa kwangu kwa malalamiko ya "spika zimeungua tena", kitu cha kwanza ninachokitazama ni ile skrubu ndogo ya gein kwenye amplifaya. Mara nyingi naikuta imezungushwa mpaka mwisho. Mwenye gari anaamini kwamba akiizungusha ataongeza wati. Wapi! Uwezo wa amplifaya umeshawekwa kiwandani. Kazi ya gein ni kuilinganisha amplifaya na volti zinazotoka kwenye redio kupitia nyaya za RCA.

Redio nyingi hutoa volti 2, zilizo bora zaidi 4 au 5. Ndiyo sababu kando ya skrubu utaona 6V upande mmoja na 0.2V upande wa pili. Ukiipeleka kwenye 0.2V wakati redio inatoa volti 2, amplifaya inafika ukomo wake sauti ya redio ikiwa bado chini sana. Ukizidi kupandisha, inaanza kukata vichwa vya mawimbi, yanakuwa bapa. Wimbi lililokuwa bapa kabisa lina nguvu mara mbili ya wimbi laini la kimo hichohicho, na nguvu hiyo inaishia kuwa joto kwenye koili ya spika. Twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, hutangulia kufa, kwa kuwa ukataji huo huzaa sauti kali za juu ambazo hazikuwamo kwenye wimbo.

Kabla ya kupima, jua wati za kweli. Maandishi ya "5000W" juu ya kasha usiyaamini, angalia fyuzi. Amplifaya yenye fyuzi ya ampea 30, gari likiwa linatoa volti 14, haiwezi kuvuta zaidi ya wati 420 au karibu na hapo, na sehemu yake inapotea kama joto. Hizo 5000 zitatoka wapi?

Sasa chukua malitimita, iweke kwenye volti za AC. Zidisha wati kwa omu za spika, kisha tafuta kipeuo cha pili. Wati 300 kwenye omu 4 ni 1200, na kipeuo chake ni 34.6. Hizo ndizo volti unazozitafuta. Chomoa nyaya za spika, washa injini, zima besi busti (kikuza besi cha amplifaya), ekolaiza zote ziwe sifuri, gein iwe chini kabisa. Piga toni ya majaribio ya hezi 50 iliyorekodiwa kwa desibeli 0, yaani kimo cha juu kabisa cha rekodi, kisha pandisha redio hadi robo tatu ya sauti yake: kama mwisho ni 40, ishia 30. Gusa matundu ya spika kwenye amplifaya kwa ncha za malitimita, uzungushe gein polepole mpaka usome 34.6. Acha hapo.

Kwa spika za mlangoni wengi hushauri toni ya hezi 1000. Mimi natumia hiyohiyo ya 50 nikiwa nimezima filta ya amplifaya inayochuja besi, maana malitimita nyingi za bei rahisi huanza kudanganya zikivuka hezi 400. Ukishamaliza kupima, rudisha filta kabla ya kuunganisha spika.

Huna malitimita? Kwa spika za mlangoni sikio linatosha: weka wimbo uliorekodiwa vizuri, redio robo tatu, pandisha gein mpaka sauti ya mwimbaji ianze kukwaruza, kisha rudi nyuma kidogo. Kwa sabufa usijaribu, kwani besi iliyokatwa husikika nzito na tamu, na wateja wengi ndiyo wanayoipenda hasa.

Ukisikia mlio unaopanda na kushuka na mwendo wa injini, kagua ethi, pale waya wa amplifaya unapofungwa kwenye bodi ya gari. Kwangua rangi mpaka chuma kionekane, na waya uwe mfupi. Gein kubwa huukuza mlio huo pia. Na ukibadilisha redio, pima upya, hata kama amplifaya ni ileile.