Makinda wa rola kuruka kundi moja: nilivyofanya mimi hapa Mikindani

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Una makinda tisa wa rola, wale njiwa wa kupiga samasoti angani, hapo Lindi, mdogo ana wiki saba na mkubwa anakaribia miezi minne. Unawafungulia asubuhi wakishakula. Wawili wanakwenda kukaa kwenye mnazi wa jirani, watatu wanaganda juu ya bati, waliobaki kila mmoja anaruka na njia yake. Aliyekuuzia kakwambia rola hafundishwi, anazaliwa na kazi yake. Sasa unauliza uwafanyeje waruke pamoja, na kama uwakate manyoya ya bawa wale wawili wa mnazini.

Aliyekuuzia kakupa nusu ya maneno. Samasoti kweli iko kwenye damu. Hakuna aliyemfundisha njiwa kujibinua kinyumenyume angani, na Waingereza wa Birmingham waliowatengeneza ndege hawa walifanya kazi yao kwa kuchagua wazazi. Lakini kundi ni kazi ya mwenye banda, na kifaa chake ni kopo la mtama. Mimi hilo nimelijua kwa hasara.

Nilianza 2017 na jozi mbili zilizokuja kwa basi kutoka Dar, ndani ya boksi lililotobolewa matundu. Makinda sita wa kwanza nikawachanganya na njiwa manga wa baba, nikidhani wakubwa watawaongoza. Wakawaongoza kweli, hadi mitaani kuokota punje, hadi paa la msikiti, na kurudi saa waliyotaka wao. Njiwa wa kawaida akiruka ana safari, anafuata chakula. Rola tunataka aruke juu ya nyumba, azunguke, ashuke, aingie. Ukiwaweka pamoja, rola ndiye anayeiga. Kati ya wale sita niliambulia wawili, na hao wawili hawakuwahi kukaa kundi lolote hadi wanakufa. Kwa hiyo kama hapo nyumbani una njiwa wengine, rola wajengee chumba chao leo. Kiwe kidogo tu, chenye vijiti vya kukalia, kila ndege na sehemu yake, na mlango mmoja ambao ndio wa kutokea na ndio wa kurudia kula.

Nikaja kwenye kosa la pili, ambalo nadhani ndilo lako. Huku kwetu kusini mbaazi hazinunuliwi kwa kuhesabu senti, na Waingereza wanaziita njegere za njiwa, nami nikaliamini jina. Asubuhi nawamwagia mbaazi wanashiba, kisha nafungua mlango. Wanatoka, wanapanda bati, wanakaa wamevimba vifua kama wazee wa barazani wakisubiri kahawa. Nikapiga makofi, nikarusha kanga ya mke wangu juu (aliniuliza maswali), nikatupa hadi kandambili. Hawaruki. Na kwa nini waruke? Tumbo limejaa, jua linachomoza, chini hakuna kinachowaita.

Njiwa aliyeshiba hana sababu ya kuruka na hana sababu ya kurudi. Geuza utaratibu: waruke kwanza, wale baadaye, mara moja kwa siku, saa ileile. Rola mzima anatosheka na kama gramu 30 za nafaka, yaani vijiko viwili vya chakula vilivyojaa. Makinda waongeze kidogo, kwa sababu bado wanajenga mwili. Ukiwabana sana katika umri huo manyoya yanaota na mistari dhaifu, na mistari hiyo ndiyo inayokatika baadaye. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, wanasikia neno njaa wanakwenda kukondesha ndege. Mimi sitegemei mizani. Namshika mkononi na kupapasa mfupa wa kifua: ukinichoma kama kisu, amekonda, nikiutafuta nisiupate, amenenepa na leo hataruka. Unautaka usikike lakini uwe na nyama pande zote mbili. Nawalisha mtama na uwele, na chenga za mahindi kidogo. Mbaazi na choroko nawawekea wazazi wanaolea na wale wanaobadili manyoya, na mbaazi nazipasua kwanza kwa sababu rola ni ndege mdogo. Maji yasikauke kamwe. Njaa ni ya nafaka tu.

Kabla hujawafungulia tena, wafunge wiki nzima. Tengeneza kizimba cha waya juu ya banda, mbele ya mlango, uwaingize humo kila jioni kwa nusu saa. Wakae wautazame mnazi, bati, nguzo ya umeme, barabara, waone nyumba ilivyo wakiwa nje. Siku hizohizo wafundishe mwito. Mimi natikisa kopo la maziwa lenye mtama na kupiga mluzi uleule, kisha namwaga chakula ndani. Usitikise kopo hilo kwa kazi nyingine, na usimwage chakula bila kulitikisa. Siku utakayoona wote tisa wanaruka kutoka kwenye waya kuingia ndani kabla punje haijagusa sakafu, hapo wameiva.

Siku ya kwanza watoe jioni, saa 11, wakiwa hawajala tangu jana yake. Fungua mlango ukae pembeni. Usiwatishe, usiwarushe kwa mikono. Waache watoke wenyewe, wazunguke wanavyojua, hata kama ni mzunguko mmoja mbovu. Baada ya dakika kumi tikisa kopo. Atakayeingia kwanza ale kwanza, atakayechelewa akute mabaki. Usimfuate aliye juu ya mnazi na chakula mkononi, maana utamfundisha kwamba mnazini kuna huduma. Akilala nje usiku mmoja utaumia moyo, na bundi yupo, sikufichi, lakini mara nyingi asubuhi anakuja mwenyewe akiwa na adabu. Kesho yake rudia, na keshokutwa pia. Ndani ya wiki mbili hivi utaanza kuona wawili watatu wakishikana, halafu watano, na siku moja wote wanageuka kama kitambaa kimoja. Mimi siku ile nilimwita jirani aje aone, akaangalia, akasema "ni njiwa", akarudi ndani kwake.

Kuna msaada mwingine ambao si wengi huku wanautumia: njiwa wa kushushia. Tafuta njiwa weupe wawili wasiopenda kuruka, wale wenye mkia wa kutandaza kama tausi wanafaa sana. Walishe pamoja na makinda ndani ya banda. Ukitaka kundi lishuke, watoe hao weupe wakae kwenye kibaraza cha mlango. Makinda wakiuona ule weupe kutoka juu wanajua chakula tayari. Bendera ya kuwafukuzia, kitambaa kwenye ufito, ninayo lakini siitumii kwa makinda kabisa. Ukimfukuza bado hajalizoea bati lake, ataona salama yake iko kwenye bati la mtu mwingine.

Umri wa hao wako unanipa wasiwasi kuliko idadi. Tisa wanatosha kuanzia, japo kumi na mbili hadi ishirini ndiyo kundi tamu. Lakini wa wiki saba na wa miezi minne hawana pumzi sawa wala akili sawa. Mkubwa anapanda, mdogo anachoka anatua, mkubwa akimwona katua anakatwa hamu. Wagawe: wanaopishana wiki tatu au nne waruke pamoja, wengine wabaki ndani wakisubiri zamu yao. Ni kazi mara mbili, najua.

Upepo sasa, kwa sababu wewe na mimi wote tuko ufukweni. Kusi likishika, kuanzia mwezi wa tano, alfajiri kunakuwa kimya lakini kufikia saa 4 asubuhi linapuliza hadi bati linalia. Mwezi wa saba mwaka mmoja nilichelewa kufungua, nikawatoa saa 5. Makinda kumi na moja walipanda vizuri, wakakutana na upepo huko juu, ukawasukuma juu ya maji ya ghuba. Mzima anajua kushuka chini na kurudi akiwa amejibana karibu na miti. Kinda anapambana hukohuko juu hadi nguvu zinaisha. Walirudi saba. Wa nane alirudishwa na mvuvi, alikuwa ametua kwenye ngalawa yake. Tangu hapo nikiwatoa asubuhi, ni jua linapochomoza tu. Siku ya mawingu mazito ya chini siwatoi kabisa, kwa sababu makinda wakizoea hewa wanapanda hadi wanakuwa nukta, na wakiingia ndani ya wingu hawalioni banda. Ukiona wanaanza kukaa juu saa nzima au zaidi, punguza chakula chenye nguvu na uwarushe kila siku bila kuruka siku. Dakika 20 hadi 40 zinatosha.

Na wakikaa ndani siku nyingi, usianzie pale ulipoachia. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja na sisi wa Mtwara tukaambiwa tuhame sehemu za mabondeni, niliwafunga karibu wiki nzima na kwa huruma nikawa nawalisha kama wageni wa harusi. Kimbunga chenyewe kikaingilia Msumbiji. Nilipofungua, kundi langu la mwaka mzima likatawanyika juu ya miembe kama halijawahi kuonana. Ilinichukua siku kumi za chakula kidogo na miruko mifupi kulirudisha.

Samasoti usiihesabu sasa. Wengi huanza kati ya miezi mitatu na sita, wengine hadi mwaka, na hao wa kuchelewa mara nyingi ndio wanaokuja kuwa imara. Utaanza kuona mmoja anakalia mkia, anasita hewani kama gari lililokosa mafuta, halafu anabinuka mara moja kwa aibu. Hapo ndipo utajua kama kundi ulilijenga. Anayebinuka anaanguka chini ya wenzake, kisha lazima apande tena kuwafuata. Aliyezoeshwa anarudi mbio, asiyezoeshwa anabaki huko chini peke yake na kesho anatua. Kwenye mashindano ya dunia ya rola kundi lina njiwa 15 hadi 20 na muda ni dakika 20. Jaji hana habari na bingwa mmoja, anaanza kuandika wakibinuka watano au zaidi kwa pamoja. Ndiyo maana nakusumbua na habari za kundi kabla ya yote. Kinda akianza kubinuka hovyo, hawezi kujizuia, anashuka hadi karibu na bati, mtoe kundini mara moja, mpumzishe wiki mbili tatu na umlishe vizuri. Nimemwokota mmoja aliyepiga kifua kwenye ukingo wa kisima, sitaki kukuelezea.

Mwewe wanaozunguka pwani wakivizia dagaa na vifaranga vya kuku wasikutie hofu sana. Wa kuogopa ni kozi, yule ndege mwindaji anayekamata njiwa. Akikuzoea, funga siku tatu nne kisha badilisha saa ya kurusha.

Kuhusu kukata manyoya: usikate. Unyoya uliokatwa haukui, unabaki kisiki hadi ndege aubadilishe wakati wa kupukutisha, na hao wako wa wiki saba hadi miezi minne ndio wako katikati ya kupukutisha. Utakuwa umewafunga miezi. Wale wawili wa mnazini waweke ndani peke yao siku tano, wawe wa mwisho kula, wasikie kopo likitikiswa kwa ajili ya wenzao, kisha watoe jioni wakiwa katikati ya wale saba. Kama kuna mmoja bado anakwenda mnazini baada ya hapo, mshike umtazame kooni na umpapase kifua. Kinda mgonjwa naye hutua hivyohivyo, na huyo hahitaji mafunzo, anahitaji dawa.