Ukichoka kungoja, soma habari za Sauli

Subira ikihubiriwa kanisani, mara nyingi tunapewa Ibrahimu, aliyetoka Harani akiwa na miaka 75 na kumpata Isaka akiwa na miaka 100. Ni mfano mzuri. Lakini mimi aliyenisaidia zaidi ni mfalme Sauli, kwa sababu Sauli alingoja. Hilo huwa tunalipita. Samweli alimwambia amsubiri Gilgali siku saba, naye akasubiri siku saba. Wafilisti wamejaa Mikmashi, askari wake wengine wamejificha mapangoni na mashimoni, waliobaki wanatoroka, na nabii haonekani. Ndipo akaagiza aletewe sadaka, akaiteketeza mwenyewe. 1 Samweli 13 inasema alipomaliza tu, Samweli huyo akatokea, akamkemea kwa kutomngoja afike.

Kinachoniogopesha ni kwamba Sauli hakwenda kwa sanamu. Alitoa sadaka kwa Mungu wa kweli. Haraka ya mwamini huja imevaa kanzu: panda mbegu leo upate mpenyo wiki hii, nunua mafuta, kanyaga mafuta. Februari 1, 2020, pale Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wa kuwahi kukanyaga mafuta ya upako. Siwalaumu hata kidogo. Walikwenda na magonjwa ya kweli na madeni ya kweli. Ila sisi tunaosimama mbele ya watu kufundisha, kwa nini tumewazoesha kudai kila kitu leo leo?

Nilipomaliza chuo nilikaa muda mrefu bila ajira. Ikatokea nafasi kwenye ofisi moja, nikapita usaili, kisha nikapigiwa simu na mtu wa humo ndani: "Dada, nafasi ni yako, ila wakubwa wanataka chai." Nyumbani walishaanza kuhesabu mbuzi wa kuuza. Nikakataa, na nafasi akapewa mwingine. Hakuna muujiza uliofuata. Niliendelea kufundisha watoto wa mtaa wetu tuisheni kwenye kibaraza cha shangazi, ubao tumeuegemeza kwenye ndoo za maji, chaki nanunua kipande kimoja kimoja dukani.

Kibaraza kile ndicho kilichonishikilia, kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: ngoja ukiwa na kazi mkononi. Yusufu alikuwa na miaka 17 habari zake zinapoanza, akasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30, na hapo katikati, hata gerezani, alikuwa na watu wa kuwahudumia. Anayekaa bure akiitazama saa ndiye simu ya "chai" humkuta amelegea.

Jambo lingine, usiitegemee nia peke yake. Kasha la kikoba chetu lina kufuli tatu, na funguo wanazo akina mama watatu wa nyumba tofauti. Ukiona kitenge kizuri Jumatatu, hela huigusi mpaka siku ya kikao, na ikifika siku hiyo mara nyingi umeshakisahau. Jiwekeeni kufuli za namna hiyo. Wachumba mnaongojea ndoa, msijifungie chumbani halafu mkaomba nguvu za kushinda majaribu. Kaeni sebuleni, watu wanapita. Na wewe unayetaka kuweka saini kwenye mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, lala nao usiku mmoja kwanza, na umweleze mtu mmoja wa jumuiya yenu unayemheshimu. Aibu ya kumweleza peke yake itakuonyesha mengi.

Sasa niseme lile gumu. Usiifanye subira kuwa biashara na Mungu. Waebrania 11 inawataja mashujaa wa imani mmoja baada ya mwingine, halafu mwishoni inasema hawa wote hawakuipokea ile ahadi. Mimi kazi niliipata baadaye, na mshahara wake ni mdogo kuliko wa ile niliyoikosa. Nasimulia hivyo hivyo kanisani, ingawa najua wengine wangependa niseme Mungu alinipa mara mbili. Sikuikataa chai ile ili nije nilipwe zaidi. Niliikataa kwa sababu ni rushwa, na Bwana wangu haipendi.

Na kama anayengoja si wewe bali ni jirani yako, mwonee huruma. Mama anayeomba mtoto usimwulize kila Jumapili "vipi, bado?" wala usimpelekee ushuhuda wa aliyejifungua mapacha baada ya kufunga siku tatu. Muulize habari za biashara yake. Mwite mje mpike pamoja kwenye msiba wa jirani, mwachie zamu ya kuongoza sala. Akitaka kulia, funga mlango ukae naye mpaka amalize, ndipo umwombee.