Barua kwa mwanangu aliye Lubumbashi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma, kisha nikampa papa yako naye akausoma. Unasema ulitoka kwenye mafungo ya Kwaresima ukiwa mwepesi, unasali asubuhi na jioni, lakini kazi ya depo imekumeza tena na rozari inabaki kwenye mkoba. Unauliza ufanyeje ili moyo usipoe. Halafu mwishoni ukaweka mstari mmoja juu ya unga uliopita tarehe, ambao mkubwa wako anataka uusainie karatasi mpya. Uliuandika kama jambo la pembeni. Ndio ulioninyima usingizi.

Juu ya moyo sina mengi. Moyo hupoa, na wangu pia hupoa, hasa ninapoamka gizani kwenda soko la Virunga hapa Goma. Tafuta jumuiya ya mtaa wako, uende hata kama umechoka, maana siku ukishindwa kusali, wenzako watasali nawe ukiwa umekaa katikati yao. Lakini unajua ninachosema siku zote: imani ni ya mikono.

Ulikuwa mdogo mno kumkumbuka vizuri Koko, bibi yako mzaa papa. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, tulikimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, wewe ukiwa mgongoni mwangu. Tuliporudi, mawe yalikuwa bado na joto chini ya viatu. Mji ulikuwa umekatwa vipande viwili na lava, kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu halipo, nyumba yetu nayo haipo. Baba yako mkubwa alikuwa ametupa pesa kidogo za kununua turubai. Koko ndiye aliyezitunza, amezifunga kwenye ncha ya kitenge.

Basi Koko akatoka bila kuaga. Alikwenda kumtafuta yule mama wa mtaa wa Birere aliyekuwa akitukopesha unga wa muhogo. Duka lake lilikuwa limeungua, na daftari la madeni liliungua humo humo. Hakuna mtu duniani aliyeweza kutudai hata franka moja. Koko akazifungua pesa, akalipa deni lote. Yule mama akamuuliza, “Daftari limeungua, umejuaje ni kiasi gani?” Koko akamjibu, “Mimi ndiye niliyekula unga.”

Kila nikilikumbuka jibu hilo nafurahi kama nimelisikia leo. Lakini usiku ule mvua ilinyesha, nasi tulilala bila turubai. Ulikohoa mpaka kukakucha. Papa yako alikaa ameinamisha kichwa, hakumsemesha mama yake siku nyingi. Koko yeye alikuwa akirudia maneno ya Paulo kwa Warumi, msiwiwe na mtu chochote isipokuwa kupendana. Nami, nikiwa nimekukumbatia, nilijiuliza: na mtoto huyu je, hana anachotudai? Angeweza kungoja. Angeweza kulipa nusu. Hapana, nusu asingeweza, Koko hakuwa mtu wa nusu. Lakini kifua kilikuwa chako, si chake.

Sasa wewe una karatasi mezani. Hapa Goma hatuwezi kusikia habari kama hiyo bila kumkumbuka Floribert Bwana Chui. Alikuwa kijana wa miaka 26 tu, mfanyakazi wa ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, aliyewapenda watoto wa mitaani. Walimletea pesa ili aachilie chakula kilichoharibika kipite mpakani, akakataa. Wakamwua Julai 2007. Tarehe 15 Juni 2025 kule Roma alitangazwa mwenye heri, nasi tulilia kwa furaha. Lakini nilipofika nyumbani nilimfikiria mama yake. Mama gani anaomba mwanae awe shahidi? Mimi siombi hivyo. Nakuombea uzee.

Tena najua mshahara wako ndio unaolipa minervali, ada ya shule ya mdogo wako. Papa yako anasema nisikuandikie lolote juu ya hiyo karatasi, wewe ni mtu mzima, na sisi tuko mbali. Ana haki. Kinywa kinaniwasha, ila nitamtii. Ongea na mtu aliyekomaa kabla hujafanya lolote, na usibaki na mkubwa wako wawili tu mkiwa mmefunga mlango.

Ila imani ni ya mikono, na saini hutoka mkononi. Unga huo utapikwa bukari, ugali wenu, huko mtaani Katuba, na mama fulani atamlisha mtoto wake anayekohoa. Sijakuambia la kufanya. Nimekuuliza tu nani atakula.

Mama yako