Mabosi wanaondoka, wananiachia fereti wawili: niwachukue?

*Salamu nyingi, Mzee Daktari. Nimefanya kazi za nyumbani kwa familia moja ya wazungu hapa Entebbe kwa miaka miwili. Mkataba wao unaisha mwezi ujao. Wana fereti wawili, wanyama wadogo wembamba wala nyama wanaofugwa nyumbani, wa miaka mitatu, dume na jike, waliokuja nao kutoka Ulaya. Huko wanakohamia hawaruhusiwi kuwapeleka, na wameniambia, "Wewe wanakujua, wachukue, na kizimba chao na kila kitu." Ni kweli mimi ndiye ninayewapa chakula na kusafisha choo chao. Lakini kulisha mnyama wa mtu na kuwa na wako ni mambo mawili, na mimi sijawahi kufuga hata paka. Nakaa kwenye muzigo, nyumba ya kupanga, wa vyumba viwili Kitooro, mabati juu, na mwenye nyumba anafuga kuku uani. Jaja, mzee wa nyumbani kwetu, amesikia, akasema hao ni vicheche, nikiwaleta atamwita mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa. Nifanyeje? — Mlishaji, Entebbe*

Binti yangu, tuanze na Jaja, maana mwenyekiti akishaitwa hakuna la kujadili tena.

Jaja hajakosea sana. Fereti na kicheche wetu mwenye milia ni wa ukoo mmoja, pamoja na nyegere na fisi maji. Wote wana tezi za harufu karibu na mkia. Tofauti ni kwamba kicheche ni mnyama wa porini, na fereti amefugwa na watu kwa zaidi ya miaka 2,000, akitokana na jamaa yake wa misitu ya Ulaya. Mwambie Jaja hivi: kicheche ni mbwa mwitu, fereti ni mbwa wa nyumbani. Ila kwa kuku, nisikudanganye, kuku wa mwenye nyumba hawataona tofauti hata kidogo.

Mimi nilikutana na fereti mwaka 1987, nilipokwenda Edinburgh kuongeza masomo. Nilipanga chumba kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kuchimba makaa ya mawe. Nyuma ya nyumba alikuwa na vibanda vya mbao, ndani fereti sita. Jumamosi aliwatia kwenye sanduku la kubeba begani, tukaenda mashambani. Alifunika matundu ya sungura kwa nyavu ndogo, akamwingiza fereti mmoja ardhini, kisha tukakaa kimya. Unasikia sungura akipiga mguu chini ya buti zako kuwaonya wenzake, halafu ghafla wavu umejaa. Tulikula mchuzi wa sungura mpaka nikawa naota matoke.

Mmoja alikuwa jike mweupe mwenye macho mekundu, mzee, amestaafu kama mwenyewe. Huyo aliruhusiwa kuingia ndani. Alikuwa mwizi hasa. Jina lao lenyewe limetoka kwenye Kilatini, maana yake mwizi mdogo. Soksi zangu zote zilikuwa chini ya jiko. Akifurahi aliruka kiubavubavu, mgongo umepinda, mdomo wazi, akitoa sauti kama kuku anayeita vifaranga. Siku ya kwanza nilipanda juu ya kiti nikidhani amepandwa na kichaa. Wewe bila shaka umeshaizoea ngoma hiyo.

Usiku mmoja niliacha kifutio cha penseli mezani. Asubuhi kilikuwa nusu. Nikacheka, nikakitupa, sikumwambia mtu. Siku ya tatu yule jike alikataa chakula, akalala bapa sakafuni akisaga meno. Ndipo nikasema. Walimpasua siku hiyohiyo, wakakuta kipande cha kifutio kimeziba utumbo, na hakuamka. Mimi, mtu mwenye shahada ya mifugo mfukoni! Mzee hakunigombeza. Jioni aliniletea kopo la biskuti lenye kifuniko, niweke kalamu zangu. Kopo hilo ninalo mpaka leo, lina misumari.

Ndiyo maana nataka tuzungumze kwanza juu ya sakafu yako. Fereti anapenda mpira na sponji kuliko mtoto anavyopenda peremende, na vinamuua: malapa, vitufe vya rimoti, spika za masikioni za simu, godoro lililochanika pembeni. Lala kifudifudi na tochi, uangalie chini ya kitanda na nyuma ya kabati. Kisha tafuta matundu. Panapopita kichwa chake, na mwili utapita. Upenyo wa sentimita 3 chini ya mlango ni barabara ya lami kwake, na mwisho wa barabara hiyo ni banda la kuku.

La pili ni mabati, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Fereti hana jasho la kumpoza. Kuanzia nyuzi 27 anaanza kutaabika, na ikipita 30 anaweza kufa kwa saa chache. Entebbe ina upepo wa ziwa na nyumba ya mabosi bila shaka ina dari na miti. Muzigo wa mabati bila dari saa tisa alasiri ni jambo jingine. Usinisadiki mimi, nunua kipimajoto cha ukutani, kitundike pale kizimba kitakapokaa, kwa urefu wa kizimba wala si juu, na uandike namba kila siku saa nane na saa tisa kwa wiki moja. Zikipita 27 siku nyingi, ama uweke dari, ama uache. Chupa ya maji yaliyoganda iliyofungwa taulo inasaidia, lakini inahitaji friji, na friji inahitaji umeme usiokatika, na wewe unajua habari za umeme. Ukimkuta anahema mdomo wazi na nyayo zimekuwa nyekundu, mloweshe miguu na tumbo kwa maji ya kawaida, yasiwe ya barafu, ukiwa njiani kwenda kwa daktari.

Chakula utakimudu kuliko unavyodhani. Fereti ni mla nyama tu. Posho, matoke, mkate, maziwa, tunda, vyote hapana. Utumbo wake ni mfupi, chakula kinapita kwa saa tatu au nne, ndiyo maana anakula kidogo kidogo mara nyingi. Mwenye kilo moja anahitaji kama gramu 50 hadi 100 za nyama mbichi kwa siku, kwa hiyo wawili watakula kati ya kilo 3 na 6 kwa mwezi. Shingo za kuku, mioyo, firigisi, ini kidogo, na vifaranga vya kiume ambavyo wenye mashine za kutotolesha huwa hawavitaki. Tatizo ni kwamba fereti hujifunza chakula akiwa mdogo, na akishakua anaweza kukaa na njaa mbele ya nyama nzuri kwa sababu haitambui. Kama mabosi wanawapa zile punje za dukani kutoka nje, anza leo kuchanganya nyama iliyosagwa, kidogo sana, uongeze kila baada ya siku kadhaa. Fanya hivyo mabosi wakiwa bado wapo na mifuko ya punje haijaisha.

Sasa maswali ya kuwauliza mabosi, na uulize bila aibu, maana wanakupa mzigo pamoja na zawadi.

Wamehasiwa? Umesema dume na jike. Kama hawajahasiwa, dume atanuka maradufu, na jike akiingia kwenye joto la kutaka dume bila kupandwa anaweza kukaa hivyo wiki nyingi, homoni zikazuia uboho kutengeneza damu, akafa. Akipandwa, utakuwa na watoto wanane kwenye muzigo. Upasuaji ufanyike, na wao walipe, kabla hawajapanda ndege.

Kadi za chanjo ziko wapi? Wanahitaji ya kichaa cha mbwa, na mitaa yetu ina mbwa wasiochanjwa wengi, na wanahitaji ya distempa, ugonjwa wa mbwa ambao kwa fereti ni kama hukumu ya kifo. Hapa uwe mkali: si kila chanjo ya distempa ya mbwa inamfaa fereti, zipo za virusi hai zilizowaletea ugonjwa wenyewe. Mabosi wakutambulishe kwa daktari anayewatibu sasa, uso kwa uso. Akikuambia fereti ni kama paka tu, mshukuru, utafute mwingine. Pale chuo cha mifugo cha Makerere watakuelekeza.

Na kibali walichowaingizia nchini, kilichotolewa na wizara yetu ya kilimo na mifugo hapo hapo Entebbe, waombe wakuachie pamoja na barua ya kukukabidhi wanyama. Siku Jaja akimleta mwenyekiti, utamwekea karatasi mezani.

Kuna jambo jingine watu hawalijui. Mafua yetu yanawashika. Mwaka 1933 watafiti wa London walifaulu kuthibitisha virusi vya homa ya mafua ya binadamu kwa kutumia fereti, na baadaye fereti mgonjwa alimpigia chafya mtafiti mmoja usoni, naye akaugua. Ukiwa na homa, funika pua na mdomo unapowahudumia.

Harufu? Itakuwepo. Osha matandiko kila wiki, usiwaoshe wao kila wiki, kwa sababu ngozi ikikauka hutoa mafuta zaidi na wananuka kuliko mwanzo. Muda? Wanalala saa 14 hadi 18, lakini zile zilizobaki wanakutaka, alfajiri na magharibi hasa, na wasipungukiwe saa nne nje ya kizimba kila siku. Hapa ndipo sijui nikusaidieje, kwa kuwa mabosi wakiondoka na kazi imeondoka. Ukipata kazi ya kulala hukohuko, nani atafungua kizimba? Kama jibu ni "jirani", jirani huyo aje awashike sasa, ang'atwe mara moja, tuone kama atarudi.

Uamuzi wangu. Mtu asiyewahi kufuga akiniandikia kwamba ameona fereti kwenye simu na anataka kununua, ninamwambia hapana kabla sijamaliza barua. Wewe una miaka miwili ya kusafisha choo chao, hiyo ni shule ambayo wengi hawajaisoma. Kwa hiyo: wahamishie Kitooro kwa siku kumi, mabosi wakiwa bado Entebbe. Kipimajoto ukutani, nyama kwenye bakuli, mwenye nyumba ameambiwa ukweli. Zikipita siku hizo na nyuzi hazijazidi 27, kuku wote wapo na wewe bado una hamu, wachukue. Wana miaka mitatu na wengi huishi sita hadi minane. Zisipopita vizuri, warudishe ukaseme hapana, na kazi ya kutafuta mlezi mwingine ni ya waliowaleta. Mtu akikushauri uwaachie tu kule bustani ya mimea, usimsikilize. Wakifika huko watakufa njaa au watamaliza kuku wa watu.

*Mzee, nataka kuagiza fereti jozi moja, nizalishe hapa Gulu, niuze Kampala kwa wenye pesa. Hakuna mwingine anayefanya hivyo. — Kijana wa biashara*

Kijana, Januari na Februari Gulu inapita nyuzi 30 mchana. Wazazi watakufa kabla hujapata mteja wa kwanza. Wakipona na wakatoroka ni mbaya zaidi. New Zealand waliwaleta fereti miaka ya 1880 wapunguze sungura waharibifu. Fereti wakageukia ndege wa nchi ile wasiojua kuruka, na tangu mwaka 2002 ni marufuku kuwauza wala kuwazalisha huko. California nako huruhusiwi kuwafuga nyumbani. Wizara itakuuliza haya yote kabla ya kukupa kibali, na mimi ningekuwa bado ofisini ningekunyima.

Fuga sungura. Wananunuliwa, wanazaana, na hawatakumalizia kuku.

*Kwa nini tuhangaike na wanyama wa kigeni wakati nguchiro wapo? Nimemwokota mtoto wa nguchiro karibu na Katwe, anakunywa maziwa vizuri. Nimfuge? — Kasese*

Hapana. Nguchiro si ndugu wa fereti, yuko upande wa paka na fisi. Huyo wako huenda ni wa wale wa milia wanaotembea kwa makundi kule Mweya, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, ambako watafiti wamewafuatilia tangu miaka ya 1990. Mtoto wao hulelewa na kundi zima, na mtu mmoja mwenye chupa hatoshi. Tena ni mnyama wa porini, na chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 kukaa naye bila kibali ni kosa. Mweke kwenye boksi lenye kitambaa, usimpe maziwa ya ng'ombe tena, na umpeleke leo kwa maaskari wa hifadhi langoni. Kama amekung'ata, hata kidogo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu boda ikupeleke kituo cha afya kwanza, nguchiro baadaye.