Uliza Ujibiwe: Wachina wa Penang wanafanyaje mpaka leo?

SWALI: Kaka mhariri, habari za kazi. Nipo masomoni Malaysia, kisiwa cha Penang, nimepanga chumba kwa mama mmoja wa Kichina. Yeye kazaliwa hapahapa, mama yake naye hapahapa, China hajawahi kukanyaga, lakini nyumbani ni Kichina tu, udi unachomwa kila siku kwenye kimeza cha mababu, na ikifika Aprili ukoo mzima unaenda kusafisha makaburi. Dada yangu yupo Uingereza miaka kumi tu na wanawe Kiswahili hawataki hata kukisikia. Wenzetu wanafanyaje? Halafu kuna rafiki yangu wa Melaka anasema ni Mchina ila Kichina hajui, anaongea Kimalay, hiyo nayo imekaaje? – Msomaji, Penang

JIBU: Salama mdogo wangu. Kwanza usidhani ni mapenzi ya asili tu, mapenzi hata dada yako anayo. Hawa jamaa wanachanga hela, tena wanachanga kwelikweli.

Anzia kwenye shule. Malaysia kuna shule za msingi za Kichina ambazo serikali inazisaidia, sawa, ila ilipokuja sheria ya elimu ya 1961 sekondari zikaambiwa zikitaka ruzuku ya serikali ziache kufundisha kwa Kichina, zile zilizogoma zikabaki kujitegemea na mpaka leo zipo 60 na ushei, zinaishi kwa ada na michango, na tangu 1975 zina mtihani wao wenyewe ambao ubishi wa kuutambua haujaisha miaka na miaka. Mwalimu Lim Lian Geok aliyesimama kidete kupinga alifutiwa kibali cha kufundisha na akavuliwa uraia. Na miaka ya 1950 walipotaka chuo kikuu cha Kichina pale Singapore, tajiri wa mpira Tan Lark Sye (mpira wa mti, sio wa miguu) aliahidi dola milioni 5 za huko, na waendesha baiskeli za abiria nao wakatoa mapato yao ya siku nzima, yaani mtu anakanyaga pedali kutwa jua linawaka halafu hela yote anapeleka chuoni!

Pili ni koo. Hapo George Town kuna Khoo Kongsi, jumba la ukoo wa Khoo, na pale ufukweni kuna nyumba za mbao juu ya nguzo baharini, mtaa wa ukoo wa Chew. Mwaka wao mpya ukiingia, usiku wa kuamkia siku yake ya 9 nenda ukaone, meza ndefu zimejaa, nguruwe wa kuchoma, na miwa mirefu imesimamishwa pembeni kwa sababu wanasimulia kwamba wazee wao waliponea kwenye shamba la miwa walipokuwa wanawindwa wauawe. Mtoto anayebebeshwa muwa ule hahitaji lekcha.

Ila tusiwapambe sana. Mama mwenye nyumba wako akipiga soga na majirani msikilize vizuri, uwezekano mkubwa ile ni Hokkien, lugha ya nyumbani ya Wachina wa kusini, na shuleni wanafundishwa Mandarin, Kichina rasmi, kwa hiyo shule hizohizo walizozipigania ndizo zinamnyang'anya bibi lugha yake. Singapore ilikuwa kali zaidi, kampeni ya Mandarin ilianza 1979 na vipindi vya lugha za nyumbani vikaondolewa kwenye TV. Indonesia ndio usiseme, kuanzia 1967 sherehe za Kichina hadharani zilikatazwa mpaka Rais Abdurrahman Wahid alipoifuta amri hiyo mwaka 2000.

Dada yako mwambie aache kuwagombeza watoto, atafute familia nyingine tatu nne za Waswahili, wakodi ukumbi kila Jumamosi na kila mtu alipie, maana cha bure watu wanakiacha mvua ikinyesha, na Uingereza mvua ndio maisha yenyewe.

Huyo wa Melaka bila shaka ni Baba Nyonya, wazao wa wafanyabiashara wa Kichina walioanza kuoa wenyeji karne nyingi nyuma, lugha ikawa Kimalay kilichochanganyika na Hokkien ila mababu bado wana kimeza chao. Siri yao ipo jikoni. Muombe akupikie kuku wa buah keluak, zile kokwa nyeusi za mti, mbichi zina sumu mpaka zichemshwe na kufukiwa kwenye majivu, na hata zikishasafishwa hivyo bado huloweshwa siku kadhaa kabla ya kupikwa, kwa hiyo usimwambie leo ukategemea kula leo.